Vua Mshipi

Enzi zetu mshipi ulikuwa na kazi nyingi kuliko kushika suruali. Ulifunga mzigo wa kuni, ulimvuta mbuzi aliyevamia mahindi ya watu, ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa wazazi ili kila mtoto auone akipita, na siku ukiondoka pale msumarini hukuhitaji kuambiwa ni kwa nini. Sisi tuliolelewa viungani mwa Kitale katika miaka ile ya elfu mbili na kidogo, watoto wa watu waliohama kutoka Nyeri na Murang'a wakaja kutafuta mashamba huku, tulizijua kazi hizo zote. Ila mshipi wa kubebea samaki hatukuujua, kwa sababu kwetu samaki hakuhesabiwa kuwa chakula.

Mama alimhurumia kila kiumbe isipokuwa samaki. Alimwita nyoka wa maji. Alisema hawezi kupika kitu kinachoendelea kumwangalia kikiwa ndani ya sufuria. Nyumbani tulikula githeri, kesho yake tukala githeri tena, na mgeni akija tukala mukimo mpaka vifungo vya shati vikaanza kulalamika. Jirani yetu Mama Simiyu, mwenyeji wa Bungoma, alipokaanga omena zake na harufu ikavuka ua, Mama alifunga dirisha akisema kumeingia baridi, hata kama jua lilikuwa linapasua mabati.

Na bado hao wawili walikuwa marafiki wa kweli. Walisali kanisa moja na kuuza kwenye meza moja pale sokoni Kitale, viazi vya Mama upande huu, omena za Mama Simiyu upande ule. Katikati Mama alisimamisha kipande cha katoni ili omena zisije zikagusa viazi vyake. Mama Simiyu hakukasirika hata siku moja. Aliwaambia wateja kwamba hapo kwenye katoni ni mpaka wa Malaba, anayevuka aonyeshe kitambulisho.

Mimi nilikuwa darasa la sita, rika moja na Simiyu. Ndugu yangu Karanja alikuwa la nne, mdogo wa mwili, mzito wa vidole, mwepesi wa Kiswahili. Masomo ya bure yalikuwa yameanza juzijuzi tu na madarasa yamefurika, wengine wanaandikia magotini, lakini katika umati ule wote mwalimu wa Kiswahili alimwona Karanja. Alimtembeza darasa hadi darasa akisoma insha zake ili sisi wakubwa tuone haya. Siku alipoletwa kwetu, akasimama mbele na kutuelezea alfajiri ya siku hiyo ndege wakitumbuiza matawini, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sisi wengine Kiswahili chetu kilikuwa cha kuombea maji. Karanja alikuwa na kile cha kwenye vitabu, na alikitumia mchana kutwa, hata kuwasemesha kuku.

Lakini huyo bingwa hakuweza kufungua kamba za viatu vyake mwenyewe. Kila jioni Mama alimsimamisha nyuma ya jikoni, karai limejaa maji ya uvuguvugu, na kila jioni Karanja alisimama na nguo zake zote akitazama mawingu na kutunga insha kichwani. Mama alimwambia kwa upole avue, asisikie. Akamwambia tena, asisikie. Ndipo alipobadilisha sauti. "Ruta," alisema. "Ruta mucibi." Hicho ni Kikuyu, maana yake ni toa, toa mshipi. Mama hakupaza sauti, aliishusha tu mpaka ikawa nzito, na mikono ya Karanja ilikwenda kiunoni yenyewe huku macho yakiwa bado mawinguni. Nilicheka kila jioni kana kwamba ni mara ya kwanza.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mama Simiyu aliomba atuchukue sote twende nyumbani kwa mama mkwe wake, chini ya mlima, karibu na Kimilili. Mama alifikiria kwa siku kadhaa, akauliza kama huko kuna mto, akaambiwa upo, akafikiria tena. Mwishowe alikubali. Asubuhi ya safari alinishika bega, akaniambia maneno ambayo nayasikia hadi leo. "Nimekupa Karanja akiwa mkavu. Unirudishie akiwa mkavu." Kuhusu mimi mwenyewe hakusema chochote.

Bibi yake Simiyu tulimwita Kukhu, kama wajukuu wote wa Kibukusu wanavyomwita bibi. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, mumewe akifanya kazi bandarini, na mume alipofariki alirudi Kimilili na sanduku la leso na Kiswahili cha pwani kisichokuwa na doa. Pale kijijini, ambapo watu walikula kura na kupiga kula, Kukhu aliiweka kila herufi mahali pake. Majirani walisema anaongea kama redio, na wengine walikuja kununua mayai ili wamsikie tu. Karanja alipomwona alisimama wima, akasema, "Shikamoo, Bibi." Kwetu shikamoo ilikuwa kitu cha kwenye kitabu, nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akiitumia. Kukhu alidondosha ungo wa maharagwe. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na tangu dakika hiyo hao wawili hawakuachana.

Alimfuata Kukhu jikoni, alimfuata zizini, akimuuliza jina la kila kitu. Jioni alirudi kwetu na habari kwamba tumekosea maisha yetu yote. Sisi tulikuwa tunasema kushika samaki. Karanja alituambia samaki hashikwi, samaki anavuliwa. Tulikuwa tunasema uzi wa ndoana. Karanja alituambia huo si uzi, ni mshipi, mvuvi huvua kwa mshipi, na Kukhu amethibitisha. Simiyu alimuuliza, kama uzi ni mshipi, sasa ule wa suruali utaitwa nani. Karanja alimwambia Kiswahili ni kipana.

Usiku huo huo tulipewa ugali wa wimbi na mboga ya murere, na ndani ya murere kulikuwa na vipande vya kambare aliyekaushwa juu ya moshi. Mimi na Karanja tuliangaliana. Nikamega tonge, nikafumba macho, nikaonja. Sijui niseme nini kuhusu ladha ile ila kwamba tuliramba vidole na kuapishana kwamba Mama asijue mpaka mwisho wa dunia. Kama unasoma hapa na wewe ulikua ukilishwa githeri, unanielewa.

Kesho yake Simiyu alitangaza kwamba tutaingia mto Kibisi. Nasema kuingia, kwa sababu Kibisi haikuwa ya kukaa ukingoni na kuzubaa. Ukingo ulikuwa umejaa matete, ndoana ikinasa kabla haijaona maji. Ilibidi mtu aingie mtoni mwenyewe, atembee juu ya mawe mpaka maji yafike kiunoni, halafu arushe ndoana kwenye vidimbwi vilivyotulia chini ya miti ya upande wa pili. Na ukiwa katikati ya maji huna meza wala kikapu, na huwezi kurudi nchi kavu kwa kila samaki. Kwa hivyo unahitaji kamba ya kuwatungia, na unahitaji mshipi wa kuifungia hiyo kamba kiunoni, samaki waelee nyuma yako wakiwa hai mpaka utakapotoka. Vifaa hivyo hatukuvipata dukani. Asubuhi nzima tulikaa uani kwa Kukhu tukichagua na kubishana.

Tulianza na viatu. Karanja alitaka gambuti za Simiyu kwa sababu zilikuwa nyekundu. Kukhu alikataa, akasema gambuti ikijaa maji inakuwa ndoo ya saruji mguuni. Peku haikufaa kwa sababu ya mawe makali. Tukaafikiana akala, zile za tairi, maana zinaingiza maji na kuyatoa, bora zifungwe kisiginoni. Kila mmoja akapewa mwanzi wenye ndoana, fimbo ya kupapasa chini kabla ya kukanyaga, na kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa ubavuni, la kutilia minyoo.

Kwenye kamba ya kutungia ndipo maneno yalipoanza. Simiyu alileta waya wa breki ya baiskeli, anang'aa kwa fahari. Kukhu aliushika, akasema huu utamkata samaki mashavu na atakufa kabla ya saa sita, na samaki aliyekufa mapema juani hafai hata kwa paka. Mimi nikaleta kamba ya katani. Akasema katani inakunywa maji, inavimba, samaki hatelezi tena. Mwishowe tulifumua nyuzi za gunia la vitunguu, tukasokota tatu pamoja, tukafunga kipande cha gunzi upande mmoja ili samaki wasichomoke, na upande wa pili kijiti cha mpera kilichochongwa ncha. Unakiingiza kijiti kwenye shavu, unakitolea mdomoni, unasukuma samaki mpaka kwenye gunzi. Urefu, Kukhu alisema, ni kutoka kiunoni mpaka gotini, usizidi hapo, kwa sababu kamba ikipita goti inaanza kutafuta mizizi. Tukatii. Simiyu alisimama wima, tukapima kwenye goti lake, tukakata tatu zinazolingana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba goti la Simiyu na goti la Karanja hayakuwa jirani.

Ukabaki mshipi. Simiyu alikuwa na vipande vya blada, mpira wa ndani wa gurudumu, vilivyokatwa vyembamba. Alijifunga kimoja, akaruka juu na chini. "Huu wa brada hauregei, bana," akasema. "Hata uvutwe na kiboko." Na kweli haukulegea, lakini alipotaka kuufungua tulitumia meno. Mshipi wa ngozi wa marehemu babu yake ulikuwapo, ila ngozi ikilowa inabana, halafu Kukhu alikuwa anaufuta vumbi kila Jumapili na hakuna aliyethubutu kuuomba. Mimi nikaleta mshipi wa shule wa Karanja, ule wa kunyumbuka wenye mistari ya bluu na nyekundu, na mbele una nyoka wa chuma aliyejipinda, unamwingiza kwenye pete yake na kumtoa kwa kumsukuma tu. Nyote mnaukumbuka. Simiyu alicheka mpaka akakaa chini. "Ati mshipi wa shure? Sasa huyu anaenda mtoni ama anaenda paredi?"

Sikujali kuchekwa. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa nafikiria vidole vya Karanja tu, vile visivyoweza kufungua hata kamba ya kiatu. Katika mishipi yote ile, ni wa nyoka peke yake aliouweza. Kukhu aliuchukua, akaufunga kiunoni mwake juu ya leso, akaufungua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha chai. Akaurudisha kwangu. Alisema mshipi wa mtoni hupimwa wakati wa kuufungua, kila mtu anajua kufunga. Basi Karanja akavalishwa mshipi wa paredi, na kamba yake ikaning'inia ikapita goti, nasi tukaiona na hatukuiona.

Kama furaha ingekuwa inawekwa kwenye chupa, ningeiweka ya asubuhi ile. Maji yalikuwa baridi na safi, unaona akala zako chini ukizitazama. Tulijipanga kila mmoja na kidimbwi chake. Mimi nilipata samaki wawili wadogo nikawapigia kelele za harusi. Simiyu alipata wa kutosha na akanyamaza kama mtu mzima. Karanja yeye alirusha, akakosa, akarusha, akakosa, akijiambia kwa sauti kwamba mvuvi hodari hakati tamaa, kisha mwanzi wake ukapinda na akatoa kambare wa urefu wa mkono wake kutoka kiwiko mpaka vidole, mweusi, na ndevu zake. Simiyu alimsaidia kumtunga. Karanja aligeuka akatutazama mimi na Simiyu, na sura aliyokuwa nayo sijaiona tena kwake, hata siku ya harusi yake.

Wanaolijua eneo lile wanajua kwamba mlima hauombi ruhusa. Kwetu chini jua lilikuwa linawaka, lakini huko juu kulikuwa na wingu jeusi limekaa tangu asubuhi, na sisi watoto wa Kitale tulidhani mvua ya mlimani ni ya watu wa mlimani. Kukhu alikuwa anateremka na sufuria ya viazi vitamu alipoutazama mto. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na majani mabichi na povu vilikuwa vinapita. Aliweka sufuria chini. Akatuita tutoke, wala hakutuita kwa hofu, alituita kama mtu anayeita watoto mezani. Mimi na Simiyu tulitoka tukishikana mikono.

Karanja hakutoka. Hakuwa mbali, labda upana wa chumba cha kulala kutoka ukingoni, lakini kila alipopiga hatua kuja kwetu kitu kilimvuta nyuma. Kamba yake ndefu ilikuwa imejizungusha kwenye mzizi chini ya maji. Yeye hakujua. Alidhani ni kambare wake anampima nguvu, na alikuwa anacheka. Maji yaliyokuwa kiunoni yakafika mbavuni.

Kukhu ndiye aliyeona jinsi kiuno chake kinavyovutwa upande mmoja, akaelewa ni ile kamba. Akaingia majini na nguo zake, akapaza sauti juu ya kishindo cha mto. "Vua mshipi!"

Karanja alimsikia. Aligeuza uso, akatabasamu, akainua mwanzi wake juu, akarusha ndoana.

Nilidhani ameingiwa na wazimu. Kukhu akaita tena, safari hii kwa sauti iliyopasuka, "Vua! Vua mshipi, mwanangu!" Na ndugu yangu, mtoto wa kwanza katika Kiswahili, akamsikia mtu pekee katika wilaya nzima aliyesema lugha anayoipenda, akimhimiza avue samaki kwa mshipi kama mvuvi wa kitabuni. Akampungia mkono. Akarusha tena, mbali zaidi. Maji yakafika kifuani. Simiyu alikuwa tayari anakimbia kwa ukingo kutafuta mwanzi mrefu.

Mimi nilisimama pale. Niliogopa vile sijawahi kuogopa tena maishani, hata nilipokuwa nazaa. Sikuelewa kwa nini Kukhu anamwambia avue, nami pia nilisikia vilevile alivyosikia Karanja. Kisha nikaitazama mikono ya Kukhu. Ilikuwa kiunoni mwake, inalivuta fundo la leso, inamwonyesha. Hapo nikajua. Nikafungua kinywa bila kujua neno lipi litatoka, na lililotoka halikuwa langu, na sauti haikuwa yangu. Haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa imeshuka chini, nzito.

"Ruta," nikasema. "Karanja, ruta mucibi."

Sijui ilivukaje kishindo kile. Mwanzi ulimponyoka. Mikono yake ikaenda kiunoni yenyewe, macho yakiwa bado kwenye maji mbele, na nikaona bega likishtuka nyoka wa chuma alipotoka kwenye pete. Mshipi ukaondoka, na kambare wake akaondoka nao. Karanja akaelea kama gunia tupu, akapelekwa mpaka kwenye kona ambapo Simiyu alikuwa amenyoosha mwanzi, akaudaka, na Kukhu akamdaka yeye kwa shati.

Tulikaa kwenye majani. Kukhu alimvika Karanja leso yake ya kichwani, iliyokuwa bado kavu, akamfunga mpaka mdomoni. Fundo lilimshinda, nikamfungia mimi. Kisha alimshika kidevu. "Mwanangu, si nilikwambia vua?"

"Na mimi nilikuwa ninavua, Bibi," Karanja akasema.

Kukhu alimtazama. Kisha alianza kucheka, akacheka na machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Alimkumbatia, akawa anasema kwa Kibukusu maneno ambayo Simiyu alikataa kututafsiria. Viazi vitamu tulivila vikiwa baridi, na hatukuacha hata kimoja.

Tulirudi Kitale wakati shule zinakaribia kufunguliwa. Nilikuwa nimempanga Karanja asiseme kitu, lakini Mama hakuuliza habari za mto. Alipanga sare yetu kitandani, shati, kaptura, soksi, akatafuta mshipi. Aliuliza uko wapi. Karanja, ambaye hajui kudanganya kwa lugha yoyote, alimweleza kila kitu, kuanzia murere mpaka mzizi, na alipofika pale nilipomwita alinionyesha kidole. "Aliniita kama wewe," akasema.

Mama alikaa kitandani juu ya zile sare. Alimvuta Karanja akanusa kichwa chake, akanishika mimi pia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kwamba tumekula samaki hakulitaja. Siku ya soko iliyofuata nilimpelekea chakula cha mchana, nikaona meza ina kitu kimepungua. Kile kipande cha katoni hakikuwapo. Omena ziliteremka zikagusa viazi, na Mama alikuwa anazirudisha upande wa Mama Simiyu kwa kiganja, polepole, huku akiongea na mteja. Samaki hakuwahi kumla. Ila dirisha letu halikufungwa tena jioni.

Leo mtoto ananunuliwa mshipi wa mtoni kabla hajauona mto. Desemba iliyopita Karanja alitupeleka sote Kimilili. Anafanya kazi Nairobi siku hizi, na ana mtoto wa miaka kumi, Jayden, anayejua majina ya samaki wa bahari zote kutoka kwenye simu na hajawahi kumgusa hata mmoja. Vifaa vilikuja kwa katoni. Viatu vya kutembelea majini vyenye soli isiyoteleza. Suruali ya mpira inayofika kifuani. Kamba ya kutungia yenye vibanio vya chuma, kila samaki na kibanio chake, na mishipi miwili mipana, wa baba na wa mwana, yenye kifungo cha plastiki cha kubonyeza. Simiyu, ambaye sasa analima pale pale na ana mvi nyingi kuliko mimi, aliushika mshipi, akaubonyeza ukafunguka. "Huu hata Kukhu angeukubari," akasema. Kukhu amelala nyuma ya migomba, hatua chache kutoka pale alipokuwa anatandaza ungo wake. Mto nao umepungua, wamepanda mikaratusi mpaka ukingoni na vile vidimbwi vyetu ni changarawe. Lakini mlima bado upo, na wingu lilikuwa juu yake.

Mama tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na maji, na shali yake. Nilimtazama Jayden akijifunga mshipi wake, baba yake ameshajifunga, nikapatwa na baridi ambayo haikutoka mtoni. Nikamuuliza Karanja, huyu akiwa katikati ya maji na itokee tumwite, tutamwita kwa lugha gani? Kiswahili ni cha mtihani tu, anakichukia. Kikuyu hajui hata salamu. Karanja, yule bingwa wa insha, aliinamisha macho. Akaangalia akala nilizokuwa nimevaa. Kisha akanong'ona kwamba anamwitaga kwa Kiingereza, na nusu ya muda mtoto hasikii, ana vitu vya muziki masikioni.

Mama alikuwa anasikiliza. Hakutugeukia. Aliukazia macho mto, akashusha sauti, ile ile ya nyuma ya jikoni, nayo haijazeeka hata kidogo.

"Ruta," akasema. "Ruta mucibi."

Jayden hakusogea. Alituangalia mmoja mmoja akauliza, "Ati nini, Shosho?" Lakini kulikuwa na mlio, kifungo cha plastiki kikifunguka, na mshipi ukaanguka kwenye nyasi. Ulikuwa wa baba yake. Karanja alikuwa amesimama pale, mwanamume mzima, mikono yake miwili kiunoni na macho yake mlimani, bado hajajua ni nini amefanya. Jayden aliuangalia ule mshipi, akamwangalia baba yake, akatoa vile vitu masikioni. Kisha akauweka mkono kwenye kifungo chake, akamgeukia nyanya yake na kusubiri amwambie tena.